Shamba Lisilochoka
Uhakiki wa gemu za kilimo, pamoja na ombi kwa wanaotaka kuzitia kilimo hai

Ndugu msomaji, najua kurasa hizi zimezoea riwaya, diwani na tamthilia. Mara hii naomba ruhusa nihakiki kitu kisichokuwa na kurasa: gemu za kilimo, hizi zinazochezwa kwenye simu na kompyuta. Usicheke. Mdogo wangu pale Mwanjelwa hajamaliza hata riwaya moja mwaka huu, lakini shamba lake la kwenye simu analivuna kila asubuhi kabla hajapiga mswaki. Kazi ya sanaa inayoamka na mtu namna hiyo haina budi kuhakikiwa. Kama inamfundisha jambo juu ya ardhi, basi na sisi tulijue jambo lenyewe.

Sababu ya pili ni ugomvi. Mshikaji wangu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja shuleni, anasomea kompyuta hapa Mbeya na anatengeneza gemu yake ya kilimo. Ina shamba la ekari mbili, mlima nyuma yake, na mvua zinazoanza Novemba kama zetu. Kazi safi, na ninampa heshima yake. Mwezi uliopita alikuja kijiweni uso umechangamka. "Nimeongeza kilimo hai," akasema, akanipa simu. Nikaona pembeni mwa shamba kuna kitufe cha kijani. Ukikibonyeza, mahindi yanakolea rangi, vipepeo wanatokea, na bei ya gunia inapanda kwa nusu. Basi. Nikamwambia, "Mzee, hujaongeza kilimo hai hapa. Umeongeza rangi." Tukazozana mpaka muuza kahawa akazima jiko lake. Makala haya ni mzozo ule ule, ila safari hii nimepata muda wa kupanga hoja.

Tuanze na gemu ambayo wengi wanaijua. Hay Day ilitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Finland. Kwa upande wa fani sina neno baya. Rangi zake zinavutia, ng'ombe wana haiba, na mkono wa mchezaji unapopita juu ya shamba masuke yanaruka kama yana furaha ya kukatwa. Wakati ndani yake ni mfupi kuliko wa hadithi fupi yoyote niliyosoma: ngano hukomaa kwa dakika mbili, mahindi kwa dakika tano. Unapanda mbegu moja unavuna mbili. Unapanda tena pale pale, unavuna mbili tena. Fanya hivyo mara elfu moja, shimo lile lile litakupa mbili. Cha kushangaza, miti ya matunda humo huchoka. Baada ya kuvunwa mara kadhaa hunyauka, na mchezaji huweza kuomba rafiki amfufulie. Mti unachoka, lakini udongo uliouzaa hauchoki kamwe.

Walimu wetu wa fasihi walitufundisha kutenganisha wahusika na mandhari. Kipimo changu ni chepesi. Mhusika ukimtendea jambo, linambadilisha, na kesho atakujibu kwa lile ulilomtendea jana. Mandhari hayakujibu. Mlima uliochorwa nyuma ya jukwaa hauna kinyongo. Kwa kipimo hicho, katika Hay Day udongo ni mandhari, ni pazia la rangi ya kahawia ambalo mazao yanacheza mbele yake.

Mtu atasema: lakini mle ndani hakuna mbolea ya dukani wala dawa ya kunyunyizia, kwa hiyo si ni kilimo hai tayari? Hapana, bwana. Mlevi aliyeishiwa fedha hajaacha pombe. Kutokutumia kitu si sawa na kuwa na njia nyingine. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa maana Iringa imewahi kuwa na Hay Day yake ya kweli.

Nazungumzia Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa. Kuanzia miaka ya 1940, na hasa ya 1950, watu walimiminika kule kufyeka pori na kulima mahindi. Ardhi ilikuwa mpya, ikazaa. Wenye uwezo wakaleta matrekta, wakapanua. Ikawa mahindi mwaka huu, mahindi mwaka ujao, mahindi mwaka wa tatu, na kilichotoka shambani hakikurudishwa kwa samadi wala kwa kitu kingine. Hapakuwa na chumvichumvi wala sumu ya kuzungumzia. Kwa kitufe cha rafiki yangu, Isimani ingepata vipepeo wote. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1960 mashamba ya zamani yalikuwa yameshuka mavuno vibaya, na lile ghala la mahindi likaanza kuwa jina tu.

Isimani inakumbukwa kwa jambo jingine. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa huko kwa risasi ya mkulima Saidi Mwamwindi, katika joto la vijiji vya ujamaa, na Mwamwindi akahukumiwa kifo. Miezi michache baadaye, Mei 1972, TANU ilikutana Iringa ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo. Watu wanasimulia risasi, wanasimulia siasa. Udongo uliokuwa umechoka chini ya miguu ya wote wawili hausimuliwi. Hata katika historia yetu wenyewe tumeufanya pazia. Basi tusimlaumu kijana wa Finland peke yake.

Sasa tuje kwenye jaribio la kwanza kubwa ninalolijua la kutia kilimo hai ndani ya gemu. FarmVille ya kampuni ya Zynga ilianza mwaka 2009 ndani ya Facebook, ikafungwa siku ya mwisho ya mwaka 2020. Julai 2010, wachezaji walipewa zao jipya: bluberi za kilimo hai zenye nembo ya Cascadian Farm, ambayo ni mali ya General Mills, kampuni kubwa ya vyakula ya Marekani. Kwa muda mfupi mchezaji aliweza kuzipanda, kuzivuna na kuliona jina la kampuni. Lilikuwa tangazo la biashara lililovaa gwanda la mkulima. Bluberi zile zilipandwa katika udongo ule ule usiochoka, kando ya mazao yale yale.  Hapo kilimo hai ni bidhaa dukani, ni kibandiko. Kitufe cha mshikaji wangu ni mjukuu wa bluberi zile, ingawa yeye hakuwahi kuziona.

Haki itendeke: wapo waliofika mbali zaidi. Farming Simulator ya kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi ilianza mwaka 2008 na imetoa matoleo mengi. Katika matoleo ya karibuni udongo una kumbukumbu kidogo. Unadai chokaa baada ya mavuno kadhaa. Mazao mengine yanakulazimisha kulima upya kwa kina. Magugu yanaota, na unaweza kuyaua kwa dawa au kuyang'oa kwa mashine. Samadi ya ng'ombe wako inafanya kazi kama mbolea ya mfuko, na kuna zao la kufunika udongo ambalo likifukiwa linahesabiwa kama mbolea. Kwa maneno mengine, vifaa vya kilimo hai vimo ndani. Mchezaji mwenye nia anaweza kulima misimu yote bila kununua tone la sumu.

Lakini angalia kumbukumbu yenyewe ilivyo. Shamba likidai chokaa, trekta linapita mara moja, deni limelipwa lote. Magugu yakizidi, mashine inapita, yamekwisha. Udongo wa Farming Simulator ni kama mhusika wa tamthilia mbovu: ananuna onyesho la pili, anapewa zawadi, anacheka onyesho la tatu, na hakuna anayekumbuka kilichomuudhi. Tena mchezaji yuko juu ya trekta muda wote. Palizi, ambayo kwetu ni mgongo wa mama, mgongo wa shangazi na watoto siku za Jumamosi, kule ni mlio wa injini. Kuna nyongeza ya bure inayoitwa Precision Farming, iliyotoka mwaka 2020 kwa kushirikiana na John Deere. Inapima udongo, inakugawia mbolea kwa kiasi kila kona ya shamba. Ni hatua nzuri, sikatai. Ila kampuni ya matrekta ikikusaidia kuandika kisa, usishangae shujaa akiwa ni trekta.

Nilipofika hapa katika hoja zangu, mshikaji wangu alinijibu kwa neno zito, nami nalileta kama alivyolisema. "Wewe unataka ukweli," alisema, "lakini mtu anacheza gemu apumzike. Nani atakaa misimu mitatu anapata hasara kwenye simu? Ataifuta siku ya pili." Nilinyamaza. Ni kweli kabisa kwamba kuhamia kilimo hai ni kazi ya kungoja. Kwa kanuni za Ulaya, shamba la mazao ya msimu linatakiwa kukaa miaka miwili katika kipindi cha mpito kabla ya mazao kuuzwa kwa jina hilo, na la mazao ya kudumu miaka mitatu. Marekani wanasema miezi 36. Muda wote huo mkulima anabeba gharama za njia mpya na huku anauza kwa bei ya zamani. Hiyo ndiyo sura ya katikati ya hadithi, na ndiyo sura ambayo kitufe cha kijani kimeichana na kuitupa.

Jibu langu ni bao. Nenda mahali popote wazee wanapokaa kivulini. Mashimo 32, kete 64. Hakuna muziki, hakuna zawadi ya kila siku, na mzee anakaa tangu saa nne mpaka adhana ya magharibi. Kete zikishaingia zote mchezoni hazizidi wala hazipungui. Unachokula kwa mwenzako unakipanda upande wako, shimo kwa shimo, na kesho kinaweza kurudi kwake. Shimo ulilolikomba linabaki tupu mpaka ulijaze tena, na pengo hilo litakuponza zamu tatu baadaye. Hapo ndipo utamu ulipo. Watu hawachoshwi na kungoja. Wanachoshwa na kungoja kusikokuwa na maana. Babu zetu wamecheza mchezo wa kupanda wenye hesabu isiyodanganya kwa vizazi, halafu sisi tunaambiwa eti mchezaji haiwezi hesabu hiyo.

Lakini sitaki kushinda hoja kwa bao tu, maana kuna mtu ambaye si gemu kwake. Shangazi yangu analima nyanya Ilula. Mwaka huu nilipanda basi kwenda kumsalimia, na nilibeba ugomvi wetu kichwani kama mzigo. Ukitoka Mbeya unapita Mafinga, ambako kuna kiwanda kinachosindika maua ya pareto. Pareto inalimwa katika vilima vyetu vya baridi, Mbeya na Iringa, na dawa inayotoka ndani yake inaua wadudu. Ni miongoni mwa dawa chache ambazo wakulima wa kilimo hai wa Ulaya na Marekani wanaruhusiwa kutumia. Ua linachumwa hapa, linakaushwa hapa, dawa inakwenda kulinda mboga za watu wa mbali. Basi likapita mbele. Saa chache baadaye nilikuwa Ilula, nikimtazama shangazi akichanganya dawa ya kiwandani kwenye ndoo, bila glavu.

"Kamwene, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Usisogee, upepo unakuja huko."

Nikamuuliza kwa nini asijaribu utupa, ambao bibi aliutwanga zamani. Hakukasirika. Akaniambia mambo matatu huku akipampu bomba mgongoni. La kwanza, jirani zake wa pande zote wanapiga dawa, na yeye akiacha peke yake wadudu watahamia kwake. La pili, mnunuzi wa barabarani anatazama ukubwa na mng'ao, na tenga lisilo na sumu analipa bei ile ile. La tatu, ada inadaiwa Januari. "Nyinyi wasomi," akasema, "mkinionyesha atakayenilipia hiyo miaka ya kungoja, nitaacha leo."

Msomaji, maneno yale matatu yana gemu nzima ndani yake. Nilirudi Mbeya nikamwambia mshikaji wangu: futa kitufe, weka shangazi. Yaani hivi.

Kwanza, udongo upewe kumbukumbu. Sisemi uonekane. Kwetu Iringa mtu wa vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki, hana kipimo cha namba. Anajua kwa rangi, kwa magugu yaliyoota, kwa jembe linavyozama. Gemu inaweza kuificha hesabu na kumwachia mchezaji dalili. Akilima mahindi juu ya mahindi bila kurudisha kitu, dalili zije polepole kama zilivyokuja Isimani, na zisiondoke kwa mpito mmoja wa trekta.

Pili, jirani awe mhusika. Dawa inayopulizwa na upepo, wadudu wanaovuka mpaka, maji ya mfereji mmoja. Kilimo hai cha mtu mmoja katikati ya mashamba ishirini ni mtihani mgumu, na mtihani mgumu ndio mgogoro tunaoutafuta katika sanaa.

Tatu, bei isipande kwa kubonyeza. Afrika Mashariki ilizindua kiwango chake cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Njia mojawapo ya kuipata alama kwa wakulima wadogo ni vikundi vya kukaguana: leo nakuja shambani kwako, kesho unakuja kwangu, na mmoja akidanganya tunaumia wote. Je, mtunzi wa gemu anataka mgogoro mzuri kuliko huo? Fikiria wachezaji sita, kila mmoja na simu yake, mmoja kiviwavi kimemshinda na dawa iko kabatini, usiku, hakuna anayemwona. Atapiga au hatapiga? Hiyo ni tamthilia ya kupeleka jukwaani.

Wala simwombi aifanye mbolea ya chumvichumvi kuwa shetani. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ziliitwa mikoa minne mikubwa ya mahindi kwa sababu mbolea ya ruzuku iliwafikia wazazi wetu. Ruzuku ile ilipoondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wengi waliacha mbolea bila kuamua kuiacha. Bei ilipopaa tena mwaka 2022 mpaka serikali ikarudisha ruzuku, tuliona nani alishika kichwa. Mkulima aliyekosa fedha ya mfuko hajaingia kilimo hai. Amekosa tu. Gemu itakayoweza kumwonyesha mchezaji tofauti kati ya watu hawa wawili, wanaofanana ukiwatazama kwa mbali, itakuwa imefanya kazi ambayo hotuba nyingi zimeshindwa.

Na mwisho, iruhusu kushindwa. Mchezaji arudi kwenye dawa msimu wa pili kwa sababu ada imefika, na gemu isimtukane kwa hilo. Imwonyeshe gharama, basi. Shangazi hahitaji kutukanwa na simu.

Juzi mshikaji alinipigia. Kitufe kimefutwa. Udongo umeanza kukumbuka, jirani bado hajazaliwa. Alimpa mama yake ajaribu. Mama akalima, akavuna kidogo, akatazama kioo kwa muda, akauliza, "Sasa hapa mtu anakopa wapi?" Mshikaji anasema swali lile limemkosesha usingizi kuliko makelele yangu yote. Bado hatujakubaliana juu ya bei. Yeye anataka angalau robo ipande ili mchezaji asikate tamaa, na mimi nasema hata robo ni lazima mtu aitolee jasho. Mwenye hoja kati yenu atuandikie, tutamsoma toleo lijalo. Kalamu naiweka chini.